Shajara ya mradi: waelimisha rika katika shule tatu za Pangani

Naiandika kwa ajili ya atakayeupokea baada yangu mradi huu wa waelimisha rika, yaani wanafunzi tunaowaandaa kuwaelimisha na kuwasikiliza wenzao, maana mimi niliupokea ukiwa na boksi la risiti na funguo za kabati. Ripoti za mfadhili zipo, zimepangwa vizuri, na hazitamsaidia kitu. Shule ni tatu, zote za kata, zote za kutwa. Majina yake siyaandiki. Humu ndani nitaziita ya mjini, ya barabarani (njia ya kwendea Muheza) na ya ng'ambo, ambayo huifiki mpaka uvuke Mto Pangani kwa pantoni.

16 Januari 2023

Shule zimefunguliwa wiki iliyopita. Wakuu wote watatu wametupokea kwa chai na mihogo, na kila mmoja alikuwa ameshaandaa orodha ya waelimisha rika wake kabla hatujafungua mdomo. Kaka mkuu, dada mkuu, kiranja wa taaluma, kiranja wa usafi, kiranja wa chakula katika shule isiyopika chakula. Nikamuuliza Mkuu wa shule ya mjini, "Mzee, hawa ndio wenzao huwafuata wakiwa na jambo?" Akacheka. "Hawa ndio ambao siwezi kuaibika wakisimama mbele ya mgeni."

Jibu la mtu mkweli, na nimelinukuu kama alivyolitoa. Lakini kiranja ndiye anayeandika majina ya wachelewaji pale getini. Ndiye anayewataja waliozungumza Kiswahili mahali palipotakiwa Kiingereza. Binti gani atamwendea huyo amwambie kwamba siku zake zimepita wiki tatu?

25 Januari

Tumepiga kura ya vikaratasi, kidato cha pili na cha tatu, shule ya mjini na ya ng'ambo. Swali lilikuwa moja ubaoni: "Ukiwa na jambo zito ambalo huwezi kumwambia mzazi wala mwalimu, hapa shuleni ungemwambia nani? Taja wawili, msichana na mvulana." Hawaandiki majina yao. Vikaratasi vinakunjwa, vinaingia kwenye ndoo ya chaki, tunahesabu ofisini mlango umefungwa.

Shule ya mjini, kati ya 12 waliopata kura nyingi, viranja walikuwa wawili. Wa kwanza kwa wavulana ni kijana ambaye mwalimu wa nidhamu alipolisikia jina lake alivua miwani. Huyo huuza ubuyu na kashata darasani, ameshachapwa kwa hilo, na kila mtu shuleni ana deni kwake la shilingi mia mbili. Wa kwanza kwa wasichana ni mkimya wa kidato cha pili anayekaa dirishani nyuma kabisa. Walimu wawili hawakuweza kuikumbuka sura yake. Nitamwita Dirishani.

Shule ya barabarani Mkuu alikataa kura. Alisema kura huleta makundi, na orodha yake imeshapita kwenye kikao cha walimu. Sikubishana; mradi mgeni haufungui mlango kwa teke. Tumewachukua viranja wake, wanane. Kwa hiyo bila kukusudia tunayo shule ya kulinganisha. Siuzi hili kama utafiti.

11 Februari

Jumamosi ya kwanza ya mafunzo. Waelimisha rika 32 kutoka shule tatu, wamekaa kwenye ukumbi mmoja wa mjini. Wa ng'ambo walichelewa kwa sababu pantoni ilikuwa inasubiri lori. Mahudhurio mazuri kuliko yangu nilipokuwa na umri wao.

Asubuhi nilikuwa nimepanga kuanza na balehe, kwenye bango kitita, mchoro wa mwili. Mwenzangu, kaka yetu wa mafunzo aliyefanya kazi hii miaka mingi kuliko mimi, akaniambia tuanze na ramani. Kila mmoja achore njia ya kutoka kwao mpaka shuleni, na aweke alama nyekundu mahali anapoongeza mwendo.

Sitaisahau ile nusu saa. Ukumbi ulinyamaza, zikabaki kalamu tu. Alama nyekundu zilikuwa kwenye pagala karibu na kisima, kwenye kibanda umiza kinachoonyesha mpira usiku, mnazini mahali ambapo barabara imejificha, kijiwe cha bodaboda. Wavulana nao waliweka alama zao, jambo ambalo sikulitegemea. Mmoja aliweka ufukweni, penye mitumbwi. Hakueleza, wala hatukumuuliza. Wasichana watatu wa shule ya ng'ambo walichora njia fupi sana, hatua chache tu, na alama nyekundu mwanzoni kabisa. Nilidhani wamekosea. Kumbe wanaishi geto. Kwao ni mbali, kwa hiyo mzazi amempangishia chumba jirani na shule, debe la unga na jiko la mkaa, mtoto wa miaka 15 anafunga mlango wake mwenyewe usiku. Shule za kata zilipoenea kwa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) kuanzia 2004 zilisogeza elimu karibu, lakini kata za huku ni pana, na "karibu" ya kwenye makaratasi ni kilomita nyingi za vumbi.

Mchoro wa mwili tuliufanya mchana, kwa haraka. Walikuwa wanajua mengi kuliko tulivyodhani na mengine wanayajua vibaya.

Jambo dogo: mhasibu anataka risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, kwa maandazi 90. Mama anayeyakaanga anakaa chini ya mwembe. Nimeandika barua ya maelezo, ya pili mwaka huu, na mwaka ndiyo kwanza una wiki sita.

18 Februari

Siku ya sheria na sanduku la maswali. Sanduku ni boksi la viatu lenye tundu. Maswali 71. Naweka machache hapa kwa sababu ndiyo yaliyobadilisha ratiba yetu:

"Kwa nini sauti yangu haijakatika na wenzangu wote zimekatika?"

"Ile chanjo ya wasichana inafunga kizazi?" Hili lilirudi mara sita kwa miandiko tofauti. Wanasema chanjo ya HPV, ya saratani ya mlango wa kizazi, ambayo nchini kote ilianza kutolewa 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Yaani wengi wa waliokaa pale wanahusika nayo moja kwa moja, na jibu walilonalo wamelipata kisimani.

"P2 ukimeza kila wiki ina madhara?" Ni vile vidonge vya dharura vya kuzuia mimba.

"Mtu akikulipia nauli miezi mitatu, unamdai au anakudai?"

Hilo la mwisho nililisoma kwa sauti, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyecheka.

Upande wa sheria mambo yalipamba moto. Kijana wa ubuyu alinyoosha mkono: "Madam, umesema Sheria ya Ndoa ya 1971 inamruhusu msichana kuolewa na miaka 15 mzazi akikubali. Halafu umesema Sheria ya Elimu ilirekebishwa 2016, ukimuoa mwanafunzi ni miaka 30 jela. Sasa dada yangu ana miaka 15, amefeli la saba, hayuko shule. Yeye sheria imemwacha?" Nikaeleza kesi: Mahakama Kuu ilivitamka vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa kuwa kinyume na Katiba mwaka 2016, Serikali ikakata rufaa, Mahakama ya Rufani ikaikataa rufaa hiyo 2019. "Kwa hiyo sheria imebadilika?" Bado haijarekebishwa bungeni, nikasema. Akaandika kitu kwenye daftari na kukaa. Mwelimisha rika wa namna hii hapatikani kwenye orodha ya viranja, na nimesema hivyo kwa sauti kwenye gari wakati wa kurudi.

4 Machi

Fulana zimefika. Za njano, mgongoni MWELIMISHA RIKA kwa herufi kubwa kama za timu ya mpira. Mfadhili anataka picha. Tumepiga picha.

Nilimkuta Dirishani nyuma ya ukumbi ameigeuza yake ndani nje. "Anti, nikivaa hii nani atakuja kuniambia kitu? Watasema tu huyo kaenda kwa Bi Kondomu, basi naye anayo." Amesema kwa upole, kama anayeniomba radhi kwa kosa langu mimi. Fulana zimerudi kabatini, isipokuwa za shule ya barabarani. Viranja wamezipenda, wanazivaa siku za michezo.

Mazoezi ya siku hiyo yalikuwa igizo dhima: kukataa bila kugombana. Wavulana walipopewa nafasi ya bodaboda walifanya vizuri kupita kiasi. Wanayajua maneno yote. "Panda tu mdogo wangu, jua kali, mbona mimi ni kama kaka yako." Wasichana wakashindwa kujibu igizo la kwanza, la pili, la tatu. Halafu mmoja wa ng'ambo akajibu, "Kama kaka yangu, basi njoo nyumbani nikupeleke kwa baba." Ukumbi ulipiga makofi mpaka mlinzi akaja. Tangu hapo ni msemo wa shule tatu zote, "twende kwa baba".

Machi na Aprili

Ramadhani imeanza wiki ya mwisho ya Machi. Tumesimamisha vikao vya Jumamosi. Vijana wakiwa na njaa na kiu, mchana wa Pangani, huwafundishi kitu. Nimetumia muda kutembelea ofisi: Ustawi wa Jamii, Maendeleo ya Jamii, Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi. Kila ofisi nimeomba kitu kimoja tu, mtu mwenye sura na namba ya simu, siyo cheo. Kamati za MTAKUWWA (mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto) za kata mbili zimekubali kukutana na vijana baada ya Idi. Ya tatu nimeambiwa ipo.

29 Aprili

Fomu za robo ya kwanza. Fomu ya mfadhili ina kisanduku cha "walengwa waliofikiwa". Shule ya barabarani imejaza 640. Shule hiyo ina wanafunzi 388.

Niliwaita viranja tukakaa. Walikuwa wamesimama paredi wiki mbili mfululizo wakasoma kijitabu chetu kwa dakika tano, kisha wakahesabu vichwa kila mara. Sikuweza kuwakasirikia. Ndivyo fomu inavyowafundisha, na ndivyo nami nilivyowahi kuhesabu semina zangu. Daftari lao la maswali lilikuwa na swali moja, nalo liliandikwa na kiranja mwenyewe.

Shule ya ng'ambo imejaza 19. Vijiti kumi na tisa kwenye daftari, bila majina, kila kijiti mazungumzo ya mtu na mtu. Niliporipoti 19, ofisi ya mkoa ilinipigia kuuliza kama nimesahau sifuri.

Kuanzia leo fomu yetu ya ndani ina vitu vitatu: vijiti vya mazungumzo, waliosindikizwa kwa mtu mzima, na swali moja gumu la mwezi. Ya mfadhili tutaijaza pembeni.

20 Mei

Mwenzangu ameniletea jambo la kunikosesha usingizi. Kanda ya Ziwa, mkoani Mwanza, kuanzia 1999 kulikuwa na kazi kubwa kuliko hii yetu mara mia, MEMA kwa Vijana. Masomo kwa darasa la tano hadi la saba, wanafunzi waliofundishwa kuwaigizia wenzao darasani, huduma rafiki kwa vijana kwenye zahanati, kila kitu. Walikuwa na jamii 10 zilizopata mradi na 10 za kulinganisha, na hawakuishia kuuliza vijana wanajua nini, walipima damu. Baada ya miaka mitatu vijana walikuwa wanajua zaidi, na majibu yao kuhusu tabia yalikuwa mazuri zaidi. Maambukizi ya VVU hayakuonyesha tofauti ya kutegemewa. Walirudi tena 2007 na 2008, vijana wakiwa wakubwa. Ujuzi bado upo kichwani. Maambukizi, vilevile.

Nilimuuliza, sasa tunafanya nini hapa? Akamenya chungwa lake lote kabla ya kunijibu. "Tusiwaahidi watu kwamba mtoto akijua ataokoka. Anajua. Yule wa geto anajua kila kitu. Anachokosa ni mtu wa pili."

Nimeiandika hiyo "mtu wa pili" kwenye ukuta wa ofisi. Kuanzia muhula ujao nusu ya muda wa mafunzo haitakuwa ya elimu ya mwili. Itakuwa ya kusikiliza, na ya kumsindikiza mwenzako mpaka mlango wa mtu mzima anayeweza kufanya kitu. Mwelimisha rika si mwalimu mdogo. Jina lenyewe limetupotosha kidogo, tangu mwanzo tumemkazia kuelimisha.

8 Julai

Muhula wa pili umeanza. Tulikwenda kumwona bibi mmoja wa ng'ambo, somo wa mabinti wengi wa pale, kungwi kwa miaka isiyohesabika. Tulikwenda na sukari na kanga, na wasichana wanne wa klabu. Lengo lilikuwa kumwomba asiwape wali mafundisho yanayopingana na yetu. Hilo nilikuwa nimeliandika kwenye mpango kazi, kwa maneno hayo hayo, na naona haya kulisoma sasa.

Bibi alitusikiliza. Kisha akauliza, "Nyinyi mwali wenu akishatoka mnamfuata?" Hatukuelewa. Akaeleza kwamba somo halikatiki. Akishamfunda binti, binti yule ni wake. Akiolewa anamwendea, akipigwa anamwendea, akijifungua anamwendea. "Nyinyi mnafundisha mnaondoka na gari."

Si kila anachofundisha nakubaliana nacho, na nilimwambia, na yeye aliniambia yake. Habari ya mwali aliyetoka juzi na sasa anachukuliwa na watu wazima kuwa ameiva, hapo tulibishana mpaka alasiri. Lakini swali lake limebaki. Wasichana walikuwa wanacheka njia nzima ya kurudi kwenye pantoni, na mmoja akasema, "Basi sisi ni masomo wadogo." Neno hilo wamelichukua. Shule ya ng'ambo sasa hawasemi waelimisha rika, wanasema masomo wadogo, na kila mmoja ana wenzake watano anaowajua kwa jina.

22 Julai

Mwalimu mlezi wa klabu ya shule ya mjini amepata uhamisho. Nimeambiwa mwingine atateuliwa. Nimeandika hapa kwa ufupi kwa sababu siku hiyo niliona ni jambo fupi.

19 Agosti

Si fupi.

Dirishani hakuja Jumamosi mbili. Nilimkuta kwao anafua. Amekonda. Mama yake akasema hali chakula, wamempima malaria, hana. Tulikaa kwenye mkeka, mama akatuacha, na baada ya muda mrefu akaniuliza, "Anti, siri ikikuumiza tumbo unaitoa au unakaa nayo? Mlisema tusitoe."

Rafiki yake anaishi geto. Mwenye pikipiki ndiye anayelipa kodi ya chumba tangu Juni, baba wa yule binti alipokwama. Sasa anataka malipo yake. Sitaandika zaidi ya hapo. Binti alimwambia Dirishani na mtu mwingine yeyote hapana. Dirishani akaenda kumtafuta mlezi wa klabu kama tulivyomfundisha, mlezi hayupo. Akataka kupiga 116, simu ya bure kwa mtoto, tuliyoiandika kwenye kila karatasi. Mwanafunzi haruhusiwi simu shuleni, nyumbani simu ni ya mama, na ukimuomba mama simu atakuuliza unampigia nani. Akarudi kwa rafiki yake. Na hapo ndipo alipofanya kitu ambacho hatukumfundisha: alimwambia mama yake kuwa rafiki yake anaogopa popo chumbani, akaomba aje alale kwao mpaka mitihani iishe. Mama akakubali. Wiki mbili walikuwa wanalala kitanda kimoja, na mtoto wa miaka 15 yuko macho usiku akisikiliza pikipiki zinazopita.

Alifanya kazi ya ofisi tatu kwa kisingizio cha popo.

Jumatatu nilikuwa Ustawi wa Jamii kabla hawajafungua. Yule afisa ambaye nilichukua namba yake mwezi Machi alipokea simu mara ya kwanza, na namshukuru. Jalada lipo. Baba ameitwa. Binti yupo shuleni na anaendelea kuishi kwa kina Dirishani. Mama alipoambiwa ukweli hakusema neno, alikwenda kununua kitanda.

Kosa ni letu, na naliandika kwa mkono wangu. Tuliwafundisha watoto kutunza siri, tukawapa siku nzima na igizo na kiapo. Mahali pa kuitua hatukuwapa. Mlolongo wetu wote wa rufaa, yaani wa kumfikisha mtoto kwa anayeweza kumsaidia, ulisimama juu ya mwalimu mmoja, na mwalimu ni mtumishi, huhamishwa.

2 Septemba

Tumeita shule zote tatu. Somo moja tu, asubuhi mpaka mchana: uzito wa siri. Tumekifuta kiapo cha zamani. Sasa kabla hajaanza kusikiliza, mwelimisha rika anasema maneno haya au yanayofanana nayo: "Niambie. Lakini kama kuna mtu anakuumiza, au unataka kujiumiza, sitabaki nayo peke yangu. Tutakwenda wote kwa mtu tunayemchagua wewe na mimi." Waliyafanyia mazoezi wawili wawili mpaka yakaacha kusikika kama risala. Kijana wa ubuyu anayasema hivi: "Mzigo wa kilo mbili nabeba, gunia tunaita mtu."

Kila shule sasa ina watu wazima watatu, siyo mmoja. Mwalimu, mtu wa nje ya shule, na mmoja ambaye vijana wamemchagua wenyewe. Shule ya mjini wamemchagua mama wa maandazi. Ana simu, yupo chini ya mwembe kila siku kuanzia saa kumi na mbili, na hakuna anayeuliza kwa nini umesimama pale. Kwa hiyo 116 sasa inapigwa kutoka mwembeni. Nimemwandikia mhasibu kwamba yule mama asiye na EFD ni sehemu ya mfumo wetu wa rufaa. Bado hajanijibu.

Mkuu wa shule ya barabarani alikuwepo, amekaa nyuma, hakusema kitu. Wakati wa kuondoka aliniuliza zile kura za vikaratasi zinahesabiwaje.

23 Septemba

Masomo wadogo wawili wa ng'ambo walimsindikiza mwenzao wa miaka 16 kwenda kupima VVU kwenye kituo kimoja cha afya. Wakarudishwa: mlete mzazi. Kwa sheria iliyorekebishwa 2019, mwenye miaka 15 anaruhusiwa kupima kwa ridhaa yake. Watoto walikuwa wanajua hilo, walilisema kwa adabu, wakaambiwa wasimfundishe mtu kazi yake.

Nimekwenda mwenyewe. Muuguzi hakuwa mbaya. Yuko peke yake zamu nzima, na kuna mzazi aliyewahi kumfuata na panga kwa kumpima binti yake. Tumekubaliana siku, Jumatano mchana, ambapo vijana wataingia kwa mlango wa nyuma na hawatapanga foleni na mama zao. Siku moja kwa wiki. Nimechukua kilichopo.

28 Oktoba

Mvua. Barabara ya ng'ambo ni tope, pikipiki zinasukumwa. Vikao viwili vimeahirishwa. Kidato cha pili wanajiandaa na mtihani wa upimaji, kwa hiyo hatuwasumbui. Vijiti vya mwezi: mjini 23, ng'ambo 31, barabarani 2. Hizo mbili za barabarani nimezikagua, ni za kweli. Kiranja wa usafi, msichana, amerudisha fulana yake ya njano bila kuombwa.

25 Novemba

Tumekaa na vijana kupitia mwaka. Niliwauliza ni kitu gani waliambiwa mara nyingi zaidi. Nilitegemea mimba au mapenzi. Wakasema njaa. Wa pili, hedhi, na hasa kukosa pedi na kubaki nyumbani. Wa tatu, kupigwa nyumbani. Mapenzi yalikuja ya nne, na kijana mmoja akaongeza kwamba hayo ya nne mara nyingi yanaanzia kwenye ya kwanza. Utafiti wa afya wa taifa wa 2022 unasema asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wameshawahi kushika mimba. Tunaitaja kwenye kila andiko la kuomba fedha. Njaa ya saa saba mchana hatujawahi kuiandika hata kwenye kichwa cha habari.

Msichana mmoja wa mjini aliyeacha kidato cha pili mwaka juzi kwa ujauzito amerudi, kwa ule mwongozo uliotokana na tangazo la Wizara la Novemba 2021. Anakaa dawati moja na Dirishani. Hajaomba kuwa mwelimisha rika na hatujamwomba. Wasichana wanamwendea tu.

Waliopo kidato cha tatu wanaingia cha nne, hatutawaona sana. Kijana wa ubuyu ameniachia daftari lake, kurasa zimejaa vijiti na madeni ya kashata kwenye safu moja, sijui kipi ni kipi.

Ya Januari: kura shule zote tatu, Mkuu wa barabarani ameomba iwe wiki ya kwanza. Kutafuta mtu wa pili ng'ambo, bibi somo anasafiri kwenda kwa mwanawe Unguja mpaka Machi. Kuuliza bei ya uji, sufuria na kuni, shule ya mjini, kwa wanafunzi wangapi. Sanduku la maswali la ng'ambo kufuli yake imeshika kutu kwa upepo wa bahari. Ninunue ya shaba.